Funguo za Akiba

Fundi alikuwa na uongo mmoja tu maishani mwake, na wenyewe ulikuwa wa kazini. Ukijifungia nje ya nyumba yako ukamwita, alikuja na mfuko wake wa vyuma, akapiga magoti mbele ya mlango, akapuliza kwenye tundu la kitasa, akaguna, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu mkorofi, huyu." Kisha akahangaika naye dakika kumi, kumi na tano, anaweka chuma hiki anachukua kile, anafuta jasho, anaomba maji ya kunywa. Mwishowe kitasa kikalia ko, mlango ukafunguka, nawe ukamshukuru Mungu kwamba bado kuna watu wenye subira duniani. Ukweli ni kwamba angeweza kuufungua kabla hujamaliza kumwamkia.

Mke wake aliyaita mambo hayo maigizo.

"Leo umecheza wapi?" alikuwa akimuuliza mchana, akimpakulia chakula.

"Kwa Mama Saluni. Dakika kumi na mbili."

"Na maji umeomba?"

"Mara mbili."

Basi mke alicheka mpaka akashika ukuta, na Fundi naye akajifanya amekasirika, maana kama kuna kitu alichokipenda kuliko kazi yake ni kumchekesha yule mwanamke.

Lakini uongo ule ulikuwa na sababu. Alifundishwa na mzee aliyempa ufundi. Mtu akiona mlango wake, aliouamini miaka na miaka, umefunguliwa na mtu baki kwa kuhesabu moja mpaka kumi, hatakushukuru. Ataanza kukutazama vidole. "Na ukimwona anakutazama vidole," mzee alimwonya, "jua umepoteza mteja na jirani kwa siku moja."

Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja chini ya ghorofa walimokaa, kinachotazama barabara. Ndani mlikuwa na mashine ya kuchongea funguo, jiliwa la kubania vyuma lililochakaa, kiti cha mgeni, na ukutani ubao mpana uliopigiliwa misumari mistari kwa mistari. Ubao huo ndio uliokuwa fahari yake. Karibu kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na ufunguo wake wa akiba pale, unaning'inia kwenye msumari, hauna jina wala namba ya nyumba. Nani ni nani alijua Fundi kichwani mwake, na mkewe kichwani mwake, basi. Mtoto akirudi shule akamkosa mama, anapitia dukani. Mtu akisafiri na ana maua ya kumwagilia, anamwambia jirani, "Chukua ufunguo kwa Fundi." Miaka ishirini na sita ilikuwa hivyo, na hakuna aliyewahi kukosa hata kijiko.

Sasa jamani, hebu tuseme ilivyoanza.

Ilianza kwenye televisheni, kama mambo mengi. Bwana mmoja mwenye suti nzuri na sauti ya upole alianza kusema kwamba Waislamu wana mipango yao, kwamba watu wema wafumbue macho. Akasema leo, akasema kesho, na kila aliposema alizidi kupigiwa makofi. Kisha vikaratasi vikaanza kupenyezwa chini ya milango: "Unamjua kweli jirani yako?" Kisha chumba cha swala, kile cha ghorofani juu ya gereji ya matairi, kikavunjwa kioo. Kikawekwa kioo kipya, nacho kikavunjwa. Wiki iliyofuata mlango wake, mlango ambao Fundi mwenyewe aliutia kitasa bure kwa ajili ya Mungu, ukaandikwa kwa rangi nyekundu: ONDOKENI. Imamu, mtu mpole anayeogopa hata mbwa wa picha, akawaambia waumini kwamba atakayeona vema kuswali nyumbani kwa sasa, Mungu anamwona hukohuko. Fundi akaswali nyumbani Ijumaa tatu mfululizo. Kila mara akimaliza alihisi ameiba kitu, na hakujua amemwibia nani.

Halafu ikaja karatasi ya sahihi. Iliwekwa kwenye meza ya Mwokaji, duka la mikate la ng'ambo ya barabara, pale pale mtu anapopokea mkate wake. Ilitaka halmashauri ya mji ikifunge chumba cha swala moja kwa moja.

"Fundi, mimi sikuiandika," Mwokaji alisema, mtu mnene, mikono myeupe kwa unga. "Wameniomba niiweke, nimeiweka tu."

"Na kalamu?"

"Kalamu wamekuja nayo wenyewe."

Fundi akachukua mkate wake akaondoka. Tangu siku hiyo mkewe akawa anapika mikate nyumbani, na ilikuwa migumu, na wote wawili waliisifu.

Baada ya karatasi, watu wakaanza kuzifuata funguo zao. Wa kwanza alikuwa Mama Saluni, msusi wa pembeni, mwanamke wa maneno mengi ambaye siku hiyo yalimwishia. "Fundi, ule ufunguo wangu wa akiba... nina mgeni, anauhitaji." Fundi akampa. Wa pili alisema anabadilisha mlango. Wa tatu alisema kaka yake ndiye anayeutaka, kaka ambaye Fundi alimzika mwaka juzi. Wengine hawakujisumbua kutunga. Walinyoosha kiganja tu. Mwokaji alimtuma mtu. Kila mmoja Fundi alimpa ufunguo wake na kumwambia, "Karibu tena," na kila mmoja alipotoka, msumari ulibaki mtupu ukutani ukimtazama.

Kilichomchekesha na kumuumiza kwa pamoja ni hiki: alihitaji funguo zao za nini? Angetaka kuingia kwa yeyote kati yao, angeingia akiwa anapiga mluzi. Lakini hilo hakuweza kulisema, maana ndilo hasa lingewamaliza.

Jumatatu akaja Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mjane mstaafu, jirani yao wa mlango kwa mlango ghorofa ya pili. Aliwafundisha kusoma nusu ya watu wa mtaa ule, na binti yao Fundi akiwemo. Hakuwa wa dini yao, na kila alasiri kwa miaka yote hiyo alikunywa chai na mke wa Fundi, wakibishana kuhusu Mungu, bei ya vitu na jinsi ya kukunja shuka. Ufunguo wake ulikuwa msumari wa kwanza kabisa, juu kushoto. Ndio ulioanzisha ubao. Ubao ulipokuwa ukimwagika funguo kama nywele za mgonjwa, Fundi alikuwa akijisemea kimoyomoyo, "Wa Mwalimu upo."

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kuuchukua ule ufunguo."

Hakutoa sababu. Hakukaa kwenye kiti. Fundi aliinuka, akautoa, akauweka kiganjani mwake, na Mwalimu akatoka akitazama chini kama anayehesabu vigae. Fundi alifunga duka saa nane mchana.

"Hata yeye?" mkewe alisema alipoambiwa. Akaketi. Alasiri hiyo hakuteleka chai.

Kusema kweli Fundi hakujiogopea. Alimwogopea mkewe. Wiki mbili nyuma, kwenye kituo cha basi, kijana mmoja alimvuta ushungi kwa nyuma na kumwambia auvue au arudi alikotoka. Mke alimsimulia mumewe kama kichekesho: "Nikamwambia, mwanangu, nimetoka nyumba namba tisa, na ndiko ninakorudi, basi lenyewe ndilo hili." Akacheka. Lakini alipomimina maji, glasi ilikuwa inagongana na jagi, na Fundi akaona. Siku hiyohiyo akatia komeo tatu kwenye mlango wao, moja juu, moja katikati, moja chini.

"Sasa kwenda kutupa taka ni kama kutoka gerezani," mkewe alilalamika.

"Zoea."

"Ile ya juu hata siifikii! Nyumba ikiungua nitapanda kiti?"

Binti yao alikuwa anapiga simu kila siku kutoka mji wa mbali, analia. "Baba, njooni kwangu. Chumba kipo. Mnamngoja nani hapo?" Baada ya ufunguo wa Mwalimu, Fundi akasema, "Haya." Binti angewatumia lori Jumamosi asubuhi.

"Utakakokwenda nitakwenda," mkewe alimwambia akikunja nguo ndani ya sanduku. "Lakini usije ukaniuliza nimependa, maana nitakujibu."

Basi Alhamisi saa tatu asubuhi Fundi alikuwa dukani na spana, anafungua nati za mashine yake aiteremshe mezani. Mkewe akaingia hana hata viatu.

"Redio ya Mwalimu inalia tangu alfajiri."

"Inalia, ndiyo. Ni redio."

"Usinifanyie hivyo. Yeye huizima taarifa ya habari ikiisha, unamjua. Nimegonga, haitiki. Na kuna harufu ya kitu kinaungua."

Fundi akaweka spana chini. Akaichukua tena.

"Mpigie mpwa wake."

"Mpwa wake yuko safari ya saa mbili."

"Basi polisi."

"Mume wangu!"

"Nisikilize," Fundi alisema. "Jumatatu mtu kachukua ufunguo wake kwangu, mtaa mzima unajua. Leo Alhamisi nikutwe nimepiga magoti mlangoni pake na vyuma mkononi. Mimi. Wakati huu. Unajua watakavyosema?"

"Najua."

"Na bado unaniambia nikafungue."

"Bado nakwambia."

Akamtazama. Mwanamke mwembamba, nywele zimechomoza mvi pembeni ya ushungi aliojifunga harakaharaka, vidole vya miguu vimekunjamana kwa baridi ya sakafu. Alikuwa na hofu kuliko yeye, na alikuwa amekwisha kuamua. Fundi akachukua mfuko.

"Mwite Mwokaji," alisema wakipanda ngazi. "Mwite yeyote. Sitagusa kitasa kile bila mtu wa kushuhudia."

Mkewe akachungulia dirisha la ngazi akapiga ukelele uliosikika mpaka gereji. Mwokaji akaja na aproni yake na mtaimbo wa chuma, anahema. Mama Saluni akaja na kitana mkononi. Na watu wa ghorofa za juu wakateremka, wakajipanga ngazini, kama sita au saba hivi. Moshi mwembamba ulikuwa umeanza kutoka chini ya mlango.

"Pisheni niuvunje," Mwokaji akasema, akainua mtaimbo.

Fundi alikuwa amelala kifudifudi, shavu sakafuni, anachungulia kwenye mwanya wa chini. Aliona nywele nyeupe. Aliona mkono wenye pete ya ndoa, umelala kiganja juu, shibiri moja kutoka mlangoni.

"Usivunje! Yuko hapahapa! Ameanguka hapa mlangoni, ukiupiga unampiga kichwa!"

Mtaimbo ukashuka taratibu. Kutoka ndani, chini ya kelele za redio, ikasikika sauti ndogo iliyokauka: "Nani?"

"Fungua basi, Fundi!" Mwokaji alikuwa karibu kulia. "Lakini wewe unachukua robo saa! Kwangu ulichukua robo saa nzima, na huyu mama moshi utammaliza!"

Fundi akapiga magoti. Akakunjua mfuko. Vyuma vyake vyembamba vilikuwa mle, vile ambavyo watu wana jina chafu la kuviita na mkewe alikuwa amelipiga marufuku nyumbani. Akainua macho akamtazama mkewe, na mkewe alijua anachoulizwa. Miaka yote ya ndoa yao ilikuwa ndani ya mtazamo ule. Akivuta muda, yeye ni Fundi yuleyule wa jana, mtu asiye na hatari, na Mwalimu anavuta moshi. Asipouvuta, watu hawa wote, pamoja na mwenye karatasi ya sahihi, watajua kwamba hakuna mlango wa mtaa huu uliowahi kufungwa mbele yake.

"Leo usiombe maji," mkewe akamwambia.

Akaingiza chuma cha kwanza, akaingiza cha pili. Hakupuliza, hakuguna. Mikono ilijua njia yenyewe. Kabla Mama Saluni hajamaliza kusema "Ee Mungu wangu," kitasa kikalia ko.

Mlango ulisogea kiasi cha kupitisha mtoto, ukamgusa Mwalimu. Mke wa Fundi, aliyekuwa mwembamba kuliko wote, akajipenyeza kwa ubavu, akamshika Mwalimu mabegani, akamvuta pole kidogo kidogo, na Mwokaji akamruka akakimbilia jikoni. Sufuria ya mayai ilikuwa imekauka zamani, mayai yamepasuka, mpini wa plastiki unayeyuka. Akazima jiko, akafungua madirisha, akazima na redio. Ukimya uliokuja ulikuwa mkubwa.

Mwalimu alikuwa ameteleza alfajiri akifuata gazeti mlangoni, nyonga ikavunjika. Aliita mpaka sauti ikakauka, na redio aliyoiwasha mwenyewe ikamzidi nguvu. Sasa kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mke wa Fundi, amefunikwa shuka, naye mke wa Fundi anamfuta uso na kumsema kama mtoto: "Gazeti! Mtu na akili zako, unavunja kiuno kwa ajili ya gazeti! Na habari zenyewe zilizomo ni hizo hizo!"

Wakawa wanangoja gari la wagonjwa. Fundi alikunja mfuko wake. Alipoinua uso, akamwona Mwokaji amesimama mlangoni, anamtazama vidole.

"Sekunde sita," Mwokaji akasema.

Fundi akautia mfuko kwapani.

"Kwangu ulichukua robo saa."

"Ndiyo."

"Na maji ukaomba."

"Niliomba."

Hakuna aliyecheka. Ngazini watu walitazamana, na Fundi aliweza kuona kila mmoja wao akirudi nyumbani kwake kwa mawazo, akipita chumba kwa chumba, akihesabu vitu. Akajisemea, basi, imekwisha, kesho kikaratasi kipya kitakuwa na picha yangu. Akafikiria lori la Jumamosi, kama binti anaweza kulileta leo.

"Mwanangu," Mwalimu akasema pale chini. Alikuwa anamwambia mke wa Fundi, lakini mwanamke aliyefundisha darasa la watoto hamsini hajui kunong'ona, hata nyonga ikiwa imevunjika. "Ule ufunguo."

"Acha mambo ya ufunguo. Pumzika."

"Siachi. Misumari yote ilibaki mitupu, ukabaki wangu peke yake. Kila anayepita dirishani anauona. Nikaogopa. Simwogopi Fundi, mimi, nimwogopee nini? Nimewaogopa hawa." Akainua kidevu kuelekea ngazini. "Wote hawa nimewafundisha kuandika majina yao. Na wiki iliyopita nimeyasoma majina yao kwa Mwokaji, kwenye ile karatasi. Miandiko mizuri. Nikaona aibu, nikaogopa, nikachukua ufunguo. Nisamehe."

Mke wa Fundi aliinama akambusu kwenye paji la uso, machozi yakamdondokea mgonjwa, mgonjwa akayafuta kwa mkono wake mwenyewe. Huko ngazini watu wazima walikuwa wanatazama viatu vyao, na mmoja, bwana wa miaka hamsini na kitu, aliweka mikono nyuma kama walivyofundishwa kusimama darasani.

Wabebaji wakaja na machela, vijana wawili wenye haraka. Wakamfunga mikanda, wakamwinua.

"Nani anabaki na nyumba?" mmoja akauliza. "Nani atafunga?"

"Mimi naweza..." Mwokaji alianza.

"Ufunguo uko jikoni, kwenye msumari," Mwalimu alisema kutoka kwenye machela. "Mpeni Fundi."

"Fundi ndiye nani?"

Fundi mwenyewe alishindwa kuinua mkono. Alikuwa anawangoja watu wale kama mtu anayengoja hukumu, na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake. Kisha Mama Saluni akanyoosha kitana chake.

"Huyu hapa," alisema, kwa hasira kabisa, na hasira yenyewe haikuwa ya Fundi. "Ndiye anayetutunzia funguo."

Machela ikashuka, na mke wa Fundi nyuma yake, amevaa viatu vya Mwalimu. Mwokaji akaleta ufunguo kutoka jikoni, akamwekea Fundi mkononi. Fundi akauvuta mlango akauegesha. Na hapo, wapendwa, yule mtu aliyekifungua kitasa kile kwa sekunde sita bila ufunguo, hakuweza kukifunga akiwa nao. Ufunguo uligonga pembeni ya tundu, ukagonga juu, ukamponyoka ukaanguka. Akauokota. Machozi yalikuwa yamemjaa, haoni tundu wala mlango. Mara hii hayakuwa maigizo, na kila aliyekuwa ngazini aliliona hilo. Mwokaji akamshika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa unga, akamwelekeza, wakafunga pamoja.

"Robo saa," Mwokaji akasema taratibu.

"Niletee maji," Fundi akasema. Na Mwokaji akaenda akamletea.

Alasiri Fundi aliurudisha ufunguo ule kwenye msumari wa kwanza, juu kushoto. Akaketi kuutazama. Mashine yake ilikuwa bado imelegezwa nati mbili kati ya nne. Saa kumi Mwokaji akaingia na mkate umefungwa kwenye karatasi, ungali moto, akakaa kwenye kiti cha mgeni kilicholia kwa uzito wake.

"Kwa hiyo miaka yote hii ungeweza kuingia kwangu muda wowote."

"Muda wowote."

"Ufunguo wangu hukuuhitaji."

"Sikuuhitaji hata siku moja."

"Sasa ulikuwa unaukalia wa nini?"

Fundi akafikiri. "Ulinipa mwenyewe," akasema.

Mwokaji alipangusa unga kwenye goti, na unga ukazidi. "Ile karatasi nimeitoa mezani. Nimeiweka chini ya kaunta. Wanakuja kuichukua kesho kutwa, na nikiwanyima watanivunjia kioo na mimi. Sijui nitafanyaje, Fundi. Nisikudanganye."

"Usinidanganye," Fundi alisema. Akamshukuru kwa mkate.

Ufunguo wake Mwokaji hakuuleta siku hiyo. Wa Mama Saluni uliletwa na Mama Saluni mwenyewe jioni, umefungwa kwenye uzi wa kusukia. Alisema yule mgeni ameshaondoka. Fundi akasema afike salama huko aendako.

Mke wa Fundi alirudi kutoka hospitalini jua likizama. Mwalimu angepasuliwa asubuhi, na alikuwa tayari amegombana na wauguzi wawili kuhusu shuka zinavyokunjwa. Fundi alimkatia mkate, akampakia siagi, akampa. Mke akatafuna akiwa amefumba macho.

"Huu mkate."

"Ndiyo."

"Wangu ulikuwa mbaya, eti?"

"Ulikuwa mbaya sana."

"Mwongo mkubwa wewe. Ulikuwa unausifu!" Akampiga kofi la begani, wakacheka, na kicheko kikageuka, wakawa wameshikana pale mezani wanalia wote wawili. Hofu ilikuwa bado imo chumbani. Kioo cha chumba cha swala kilikuwa bado kimepasuka, na bwana wa suti alikuwa na kipindi saa mbili. Walijua hayo yote.

"Kesho Ijumaa," mkewe akasema, akijifuta uso kwa ncha ya ushungi.

"Nitakwenda."

"Tutakwenda. Na rangi ile ya mlangoni uichukulie brashi, imekaa vya kutosha."

"Na lori?"

Mke aliinuka, akaenda kwenye droo, akarudi na bisibisi, akamtilia mkononi.

"Anza na ile ya juu," akasema. "Siifikii."

Fundi akapanda kiti, akaitoa komeo ya juu. Akashuka, akaitoa ya katikati, parafujo moja baada ya nyingine, mkewe akizipokea kwenye kikombe. Alipochutama kwenye ile ya chini, akasita, akainua uso.

"Hii tuiache kwanza?"

Mkewe akaitazama ile komeo, akamtazama yeye. "Hiyo tuiache kwanza," akasema, akaweka kikombe mezani, akaenda kumpigia binti yao simu.